Picha ya Kuweka Mbele ya Jeneza

"Mama, humu hakuna hata moja yenye uso wake," nilimwambia mama yake Fanueli.

Alikuwa ameshuka kutoka Gonja na kamera ya marehemu mwanawe ndani ya kanga. Nyumbani walikuwa na picha yake ya kipaimara tu, ya utotoni. Studio yangu hapa Same imewavalisha suti marehemu wengi kwa kompyuta, lakini suti inahitaji uso. Miaka sita Fanueli aliishi Kigamboni, akiteleza juu ya mawimbi kwa ubao na kuwapiga picha wenzake. Mpiga picha gani huyu asiyejipiga hata moja?

"Endelea, mwanangu."

Nikaendelea. Maji, watu, maji. Kisha ikatokea moja aliyoipiga akiwa amesimama kwenye ubao, kamera kaielekeza chini: povu, na miguu miwili.

Mama aligusa kioo. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kifupi, hakina ukucha.

"Alijikata na jembe tukipalilia tangawizi. Nilimfunga mwenyewe, kwa pindo la sketi yangu."

Nikamuuliza kama niisafishe. Mwili ulitolewa baharini baada ya siku tisa, ukatambuliwa kwa kaptula tu, na wazee wa usharika walishaamua jeneza lisifunguliwe.

Aliomba simu yangu, akampigia shemeji yake aliyekuwa njiani na maiti.

"Mkifika Same msipande mlimani, nisubirini," alisema. "Uso sitaki kuuona. Mnifungulie upande wa miguu."