Ukungu Usoni mwa Shangazi Leontine

Picha ya tatu nayo ikatoka na ukungu. Mzee Gommaar aliinyanyua kutoka kwenye beseni, akaitazama, akaguna. Palipotakiwa kuwa peupe palikuwa pa kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Na pembeni, doa la manjano.

Miaka arobaini alikuwa akichapa picha kwa madini ya platini na paladi, akipaka dawa kwa brashi karatasi moja moja, na katika mji wote wa Sint-Truiden hakuna aliyemfikia. Leo anaaibishwa na ajuza wa pichani.

"Anaonekana mpole," alilalamika Odilon, mkulima aliyeiagiza, akiwa amesimama mlangoni na mabuti yake ya matope. "Shangazi Leontine hakuwa mpole hata siku moja, mzee wangu. Nayataka yale macho yake. Mtu ayaone kwa mbali, arudi nyuma."

"Ni ukungu tu. Utatoka."

"Na jua halitaifubaza?"

Hapo Gommaar akavimba kifua. Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakimpa raha duniani. "Platini haifubai, bwana. Wewe utazeeka, yeye atabaki hivyohivyo."

"Vizuri. Maana tangu atuache, pale kwetu hali ni mbaya. Mwaka jana nusura nilie." Odilon akavaa kofia yake. "Lakini nisipoipata kabla ya katikati ya Juni, naenda kwa wale wanaochapa kwenye plastiki."

Plastiki. Neno hilo lilimchoma mzee kuliko tusi.

Akaanza kumsaka mchawi. Alimwaga dawa ya zamani, akachanganya mpya, ukungu ukabaki. Akabadilisha karatasi, ukabaki. Akaiosha picha kwenye maji ya asidi mara tano badala ya tatu. Doa la manjano likatoka, ukungu ukabaki unamcheka. Ndipo alipoinua macho dirishani, palepale anapopaka karatasi dawa. Pazia lake zito la manjano halikuwepo. Palining'inia lesi nyeupe, na mwanga wa mchana unajipitia tu kama uko kwao.

"Godelieve, pazia langu liko wapi?"

"Nimelifua," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Lilikuwa linanuka. Wiki ya tatu hii hujaliulizia, nikajua huna haja nalo."

"Mwanga ndio unaoharibu dawa, mke wangu. Umeniua."

"Mbona unaongea vizuri tu?"

Pazia likarudi, na picha iliyofuata ikatoka safi: palipo peupe, peupe pe, palipo peusi, peusi ti. Leontine alimkazia macho Gommaar mpaka mzee akafunga kifungo cha shati.

Jumapili wakaalikwa kwa Odilon kuiona ilipotundikwa. Gommaar alivaa tai, kwa furaha iliyomzidi. Godelieve alibeba maua kwa heshima ya marehemu.

"Marehemu gani?" Odilon aliuliza, akiyapokea. "Ah, shangazi. Nitampelekea Ostende, amehamia huko. Haya, njooni."

Hawakuingia sebuleni. Aliwazungusha nyuma ya nyumba, mpaka katikati ya micheri iliyosheheni matunda mekundu, ambapo Leontine alikuwa amefungwa kwa waya juu ya ngazi. Kundi la ndege, kwezi wala matunda, lilishuka kwa fujo, likamwona, likageuka likaenda kula kwa jirani.