Sindano ya Juzi

Bi Sikudhani, mkaguzi wa nyama, alikuwa amesimama tangu alfajiri na miguu ilimuwaka moto. Lori la jokofu lilingoja mlangoni mwa machinjio. Jioni mzigo ulipaswa kupanda ndege kwenda ng'ambo. Ng'ombe mmoja tu alibaki ndoanani hajapigwa muhuri, na shingoni pake palikuwa na uvimbe mdogo. Akaagiza mwenye ng'ombe aitwe.

"Babu, huyu alichomwa sindano lini?"

"Juzi, mwanangu," Mzee Lubinza akajibu kwa fahari. "Alikohoa kidogo. Ningewaleteaje mgonjwa?"

Bi Sikudhani akashusha pumzi. "Kitendawili, babu."

"Tega."

"Nimeingia kumponya mwenye nyumba, nikaiharibu nyumba."

Mzee akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Sindano?"

"Dawa haijatoka mwilini. Huko wanapima. Wakiikuta, mzigo wote unarudi na sisi tunafungiwa."

"Ndiye dume niliyebaki naye, mama."

"Piga muhuri twende, Bi mkubwa!" dereva akapaza sauti. "Nyama haisemi!"

"Itasema ikifika," akamjibu bila kugeuka.

Alitamani mtu mwingine amfanyie kazi hiyo. Hakuwapo. Akachukua chupa ya rangi ya buluu, ile ya kuharibia nyama isiyofaa kuliwa, akaimimina polepole kuanzia pajani. Mzee Lubinza alivua kofia, akaikumbatia kifuani. Rangi ikateremka mbavuni, ikafika shingoni, ikaanza kudondoka sakafuni, na hakuna aliyeondoka.