Kitabu cha Kumfukuzia

Siku ya kufukuzwa kwake, Dada Gundi alitumwa akalete mwenyewe kitabu cha kumfukuzia.

"Juzuu ya nne," Mkutubi Mkuu alimwambia, huku akijiweka tai sawa. "Na usikawie. Sina siku nzima ya kukufukuza."

Jamani, bosi mstaarabu huyo! Wengine hufukuzwa kwa barua iliyopenyezwa chini ya mlango. Dada Gundi kaandaliwa kikao kizima ndani ya maktaba ya sheria ya taifa, meza imefutwa vumbi kwa mara ya kwanza mwaka huu, na Mama Utumishi kaletwa kutoka ofisi kuu, mama wa watu, anapiga miayo tangu getini.

Kosa lake? Kusoma.

Maana kazi ya Dada Gundi haikuwa kusoma, ilikuwa kubandika. Kila wiki gazeti la serikali linaingia nakala tatu: moja ya rafuni, moja ya ghalani, moja ya mkasi. Sheria ikibadilishwa, unakikata kile kipande kipya, unakipaka gundi, unakibandika kitabuni juu ya kifungu cha zamani, kisha tarehe na sahihi pembeni. Basi, taifa limepata sheria mpya.

Mkuu mwenyewe alibandika kwa mkono wake miaka kumi na tatu, mpaka mgongo ulipomshinda akamwandikia binti huyu barua yenye muhuri kwamba kuanzia leo ubandikaji wote ni wako. Na alikuwa na falsafa, wee! "Sisi si mawakili," alizoea kusema, kidole juu. "Wao wasome. Sisi tunyooshe." Na kweli vipande vyake vilinyooka kama vimepigwa pasi. Alichokibandika hakukijua, ila hakikupinda!

Sasa wiki iliyopita akaja jaji. Jaji mzima, na dereva wake. Mkuu hakungoja mtu, alikimbilia kabati lake la vioo, akatoa ile nakala ya maonyesho ya sheria ya mirathi, safi, haijawahi kuguswa na gundi, akaifungua kwa mikono miwili kama anamkabidhi daktari kichanga. Dada Gundi alikuwa anapita na mkasi wake. Neno likamponyoka.

"Mheshimiwa, hicho kifungu kilishafutwa. Kipya nimekibandika Jumanne, kiko rafuni."

Jaji akacheka. Mkuu naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole gumba. Kesho yake shtaka likawa mezani: kumvunjia heshima mkuu wa kazi mbele ya mgeni.

Na Dada Gundi hakuwa na mjomba kwenye ofisi yoyote. Alikuwa na cheti cha chuo, na mama aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanangu yuko serikalini, na anayebisha aje nimwonyeshe picha. Angerudi nyumbani akamwambie nini? Kwamba kaponzwa na kujua kusoma?

Akaja na juzuu ya nne kifuani.

"Mkuu wangu, naomba radhi. Nilikosa. Sirudii tena."

"Utarudia wapi, na kazi huna?" Jibu hilo lilimfurahisha Mkuu mwenyewe mno, akamwangalia Mama Utumishi kuhakikisha limemfikia.

Halikumfikia. Alikuwa anapapasa mkobani. "Mimi nataka utaratibu tu, wanangu. Kabla mtu hajafukuzwa, kifungu kinachotoa madaraka ya kufukuza kisomwe. Kitabuni, si kichwani."

"Kifungu cha kumi na saba," Mkuu akasema bila kutazama popote. "Nakijua kama jina langu. 'Mkutubi Mkuu anaweza kumwachisha kazi mtumishi yeyote.' Tena asome huyu huyu! Asimame pale, ashike kitabu, atusomee. Si ndiyo starehe yake?"

"Somo lake la mwisho hilo," mwanafunzi mmoja wa sheria akamnong'oneza mwenzake kwenye meza ya kona. Wote wawili wakaweka kalamu chini. Umbea hauna siku ya mtihani.

Dada Gundi akafungua, akaupata ukurasa. Kifungu cha kumi na saba kilikuwa kimefunikwa na kipande. Kazi nzuri, hakuna kona iliyoinuka, hakuna kiputo cha hewa. Akakipitia kwa macho. Akakipitia tena, kidole juu ya mstari.

"Mbona kimya?" Mkuu alikuwa ameegemea kiti, mikono kifuani, macho kayafumba kama anayesubiri wimbo wake upigwe. "Sauti! Na wale wa kona wasikie."

Basi akasoma kwa sauti, na wale wa kona wakasikia.

"'Cheo cha Mkutubi Mkuu kimefutwa. Madaraka yake yote, yakiwemo ya kuajiri na kufukuza, yatakuwa ya mtumishi aliyekabidhiwa ubandikaji.'"

Mama Utumishi akaichomoa miwani yake mkobani.

"Tarehe?" Mama Utumishi akauliza.

"Miaka tisa iliyopita, mama."

"Na sahihi ya nani hapo pembeni?"

Dada Gundi akamtazama Mkuu, aliyekuwa sasa kafumbua macho yote mawili. "Yake."

Mama Utumishi akavaa miwani, akakivuta kitabu, akakisoma kile kipande mwenyewe hadi nukta ya mwisho. Kisha akainuka taratibu, akamsogezea binti kiti cha mbele.

"Haya, Mkuu," akamwambia Dada Gundi. "Kikao ni chako. Unamfukuza nani?"