Picha Imetoka Safi

"Dada, michirizi unayoilalamikia hatuioni," watunzaji wa programu huria walimjibu Zornitsa mtandaoni. "Hitilafu ya kadi ya picha iko kwenye kioo chako tu. Picha ya kioo uliyoipiga kwa kompyuta yenyewe na kututumia imetoka safi. Ila iondoe upesi, barua inasomeka."

Akaufungua ukurasa alipoibandika ile picha, ulio wazi kwa dunia nzima. Mchirizi wa kijani haukuwemo hata mmoja. Ilikuwemo barua yake kwa makao ya wazee, yenye jina kamili la mama yake, na maelezo kwamba siku hizi anajikojolea.

Akatafuta kitufe cha kuifuta.

Mama aliingia na sahani ya pilipili hoho za kuchoma alizommenyea, vidole vingali vyeusi kwa masizi.

"Wale mafundi wako wamejibu?"

"Wamejibu, mama."

"Wakikuzungusha wape jina langu, wajue una mama!"