Kandambili ya Mfalme

Ukumbi ule haukuwa na majaji wenye miwani wa kuchagua jalada la programu, kile kijitabu cha mchezo wa jukwaani. Nusu ya watazamaji walipewa mchoro mmoja, nusu mwingine. Onyesho likiisha, mchoro ulioachwa vitini kwa wingi umeshindwa, na mshindi huchora msimu mzima.

Bingwa Kibwana alichora taji la dhahabu. Mwanahija, mgeni, kachora kandambili moja juu ya kiti cha enzi.

"Watu wamekuja kumwona mfalme, dada, wewe unawapa ndala!" Kibwana alimcheka, wakichungulia wote nyuma ya pazia.

"Mwisho wa mchezo mfalme mwenyewe anatoroka, kaka. Taji lako litakimbia na miguu gani?"

Watazamaji wakaanza kutoka. Kitini likabaki taji moja! Mwanahija akaruka.

"Tulia," Kibwana akasema, akionyesha safu ya mbele. Kandambili moja nayo ilibaki. "Na sare ni ya bingwa."

Mlangoni, mama mmoja mnene akasimama. Akapapasa mkoba, akapapasa tena. Kisha akageuka, akaanza kuupasua umati kwa viwiko, akirudi safu ya mbele.

Mwanahija aliuma pazia.