Gitaa Mikononi mwa Leodgar

Burito alilisikia gitaa lake kabla hajafika mlangoni. Hakuhitaji kuliona. Magitaa ya umeme ya siku hizi, ya ubao mtupu, hulia kwa ukali. La kwake lilikuwa la zamani, tumbo wazi, lenye matundu mawili yaliyopinda kifuani. Sauti ilizunguka humo ndani kwanza, ndipo ikatoka nzito na ya joto, kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

Alisimama nje ya baa ile ya Bunda, vumbi la safari kutoka mpakani likiwa bado usoni.

Enzi za msako wa walanguzi, alikuwa akivusha sabuni na khanga kutoka Kenya ili bendi yao ya Musoma ipate nyuzi za magitaa. Siku moja mkewe, Eufrasia, akamwahi: polisi wanakuja, kimbia. Akakimbilia Kisumu, akabadili jina. Tangu hapo habari za nyumbani kwao Makoko, pale Musoma, alizipata kwa salamu za Eufrasia tu, kupitia madereva wa malori. Aliyekuchongea ni Leodgar, alimwambia. Gitaa kalibeba kwa nguvu. Usirudi, na watu wa Mara ukiwaona huko, wakwepe.

Leodgar, ambaye Burito mwenyewe alimfundisha kupiga kwa kumwachia gitaa hilo hilo.

Sasa sabuni zilijaa madukani na hakuna aliyeulizwa kazitoa wapi. Burito alirudi bila kumwambia mtu. Hata Musoma hakupita; mpakani alisikia bendi inapiga Bunda. Alitaka gitaa kwanza.

Akaingia, akapenya katikati ya wacheza dansi, akapanda jukwaani na kuchomoa waya. Magige, mpiga ngoma wao wa tangu zamani, alimtazama, akaangusha vijiti, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Leodgar hakukimbia.

"Lete," Burito alisema. "Uliniuza kwa polisi, ukaona haitoshi."

Leodgar alivua mkanda begani, akamkabidhi gitaa bila ubishi. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa shavu, akaanza kulia mbele ya watu wote.

"Sikukuuza, ndugu yangu. Na hili nilipewa siku tunaanua matanga."

Burito akauliza matanga ya nani.

"Yako. Shemeji Eufrasia alisema umezama ziwani ukivuka kwenda Kenya. Tulilala pale Makoko tunalia. Vitu vyako aligawa kwa mkono wake. Mpaka leo tukipigaga tunaanza na kukuombea."

Burito alilikumbatia gitaa. Aliuliza ilikuwa lini.

"Wiki ile ile uliyoondoka," Leodgar alisema. "Pamba ilipovunwa akaolewa. Harusini nilipiga mimi."