Benchi la Kuoshwa

Kwa miaka ishirini, kila Alhamisi Kuu, Mzee Elifuraha aliwaosha waumini miguu. Yake hakuna aliyewahi kuiona. Hata alipomwomba Mungu, aliomba kwa ajili ya wengine tu. Mwaka huu mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza, na mchungaji akamkalisha kwenye benchi la kuoshwa.

Mama Tumsifu, mfagiaji wa kanisa, akapiga magoti mbele yake na beseni.

“Niruke, mama. Mimi huwa naosha.”

“Na sisi tulikuwa tunakuachia utuoshe, baba.”

Mzee akainama. Akahangaika na kamba za kiatu kwa mkono mmoja, fundo likamshinda.

“Bwana,” akanong’ona, “nisaidie.” Midomo yake haikulizoea neno hilo.

Kisha akaondoa mkono kwenye fundo, akamsogezea mama yule mguu wa kushoto, ule usio na vidole.